Radi ya Kabare inatoa mionzi ya gama kweli? Na inatufikia siye ba Bukavu?

MamaFuraha_Cimpunda

Jambo yenu bote. Miye naandika toka Bukavu, Cimpunda mule mu Kadutu, niko na ulizo na naomba musinicheke. Mutoto wangu mukubwa eko mu ya tano sekondere, opsion fizike, sasa jana mvula ilikuwa inanyesha na radi inapiga vile munajua, eko ananionyesha video ku telefone yake eti radi inatoa mionzi ya gama, ile ile ya bombe atomike, tena inatengenezaka antimata. Kiisha akasema Kabare njo ya kwanza mu Afrika muzima kwa radi, na Kabare ni hapo tu, ukitoka kwetu asubui unafika mbele ya saa ya chai.

Sasa shida yangu ni hii. Mudogo wangu eko na mimba na analala kwangu. Ku hospitali mama wa mimba banamukatazaka eksirei, banasema mionzi iko mubaya kwa mutoto. Kama radi nayo ni eksirei, na kwetu inapiga karibu kila siku toka mwezi wa kenda mpaka wa tano, siye tunaishi namna gani? Kuna papa mumoja wa feraye (mavyuma ya zamani) kule chini ku barabara anauzisha paratoneri ya zamani (fimbo ya chuma ya kukinga nyumba na radi), ya wakati ya Babelgiji, anasema iko na nguvu ya atomu na inameza mionzi yote ya radi. Ananiomba dola makumi nane. Ninunue ao niache? Mwenye anajua anifasirie, aksanti.

Nyawera_Boy

Mama zima kwanza telefone ya mutoto, mionzi yote itaisha 😂

Muzee_wa_Walungu

Weye kijana, mama anauliza ulizo ya nguvu, unacheka. Mama Furaha, mambo ya sateliti miye sijue, lakini kwetu banajua kama kuna radi ya mvula na kuna radi ya kutumwa. Ile ya kutumwa inaingia mu nyumba ya watu kumi inachagua mumoja. Hiyo gama yenu ilishachagua muntu siku moja? Uza kuku, uende kuona wazee.

Mwal_Fizike_Bagira

Mama Furaha, jambo. Mtoto wako hajasema uongo, ila hiyo video imemkatia habari katikati. Nafundisha fizike huku Bagira, wacha nieleze pole pole, itakuwa ndefu, muvumilie.

Ya Kabare ni kweli. Kulikuwa sateliti moja inaitwa TRMM, ilikuwa na aparei ya kuona radi toka juu, wakachukua data za miaka 16, toka 1998 mpaka 2013, na mwaka 2016 orodha ikatoka. Ya kwanza duniani ni ziwa Maracaibo kule Venezuela, radi kama 233 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Ya pili duniani, na ya kwanza Afrika, ni Kabare yetu, 205. Sake ya hapo karibu na Goma imo kwenye kumi za kwanza, Butembo pia. Mbele ya hiyo orodha watu walikuwa wanataja Kifuka, kijiji cha milimani huku mashariki ya Kongo, na 158 yake. Sababu inajulikana: hewa yenye maji inatoka bonde la Kongo, inakuja inagonga milima yetu, inapanda kwa nguvu, inakuwa wingu refu kilomita 12, 15 na zaidi. Muzee wa Walungu, kwa heshima yote, piga hesabu ya 205 mara kilomita zote za mraba za Kabare, halafu uniambie mlozi wa kutuma hizo zote analala saa ngapi.

Sasa gama. Mwaka 1991 Wamarekani walirusha sateliti ya Compton iende kutafuta mionzi ya gama inayotoka mbali kabisa, kwenye nyota na nyuma ya nyota. Ndani yake kulikuwa aparei inaitwa BATSE. Gerald Fishman na wenzake wakaanza kuona miali mifupi sana, milisekunde tu, na cha ajabu haikutoka kule walikolenga, ilitoka chini, duniani, pale pale penye mawingu ya radi. Wakaitangaza 1994. Toka hapo sateliti zingine zimeiona mara nyingi, na leo wanahesabu kwamba inatokea mamia kwa mamia kila siku duniani, hasa sehemu tatu: Amerika ya kati na visiwa vyake, Asia ya kusini-mashariki, na huku kwetu Afrika ya kati.

Inatokea vipi? Ndani ya wingu kuna vipande vidogo vya barafu na punje nzito za barafu laini, vinagongana mchana kutwa. Vile vidogo vinachukua chaji chanya vinapandishwa juu, vile vizito vinabaki katikati na chaji hasi. Katikati ya hizo mbili kunakuwa mvuto mkali wa umeme. Elektroni ya kawaida ikikimbia kwenye hewa inagonga atomu, inapoteza nguvu, inasimama, basi. Lakini ikiwa imeanza na mwendo mkubwa tayari, mfano imerushwa na chembe zinazotoka anga za mbali, inapata nguvu nyingi kuliko ile inayopoteza, kwa hiyo haisimami tena. C.T.R. Wilson aliwaza hivyo tangu 1925, watu wakamsikia nusu nusu. Mwaka 1992 Gurevich na wenzake wakaonyesha kwamba elektroni moja ya namna ile inang'oa zingine, nazo zinang'oa zingine, sawa mbuzi mmoja anavunja lupango na mbuzi wote wa soko wanamfuata. Zikipita karibu na kiini cha atomu ya naitrojeni ao oksijeni zinakunjwa njia, na pale zinapokunjwa zinatupa gama. Mashine ya eksirei ku hospitali inafanya kazi kwa sheria ile ile, ila yenyewe inafika elektronivolti (kipimo cha nguvu ya chembe) 100,000 hivi, radi inafika milioni 20 na hata 40. Hakuna uranyumu inayopasuka hapo mama, jina la bombe tuliache pembeni.

Kwa nini haitufikii? Elektroni ina chaji hasi, inakimbilia chanya, na chanya nimesema iko juu ya wingu. Kwa hiyo gama nyingi zinatupwa kuelekea juu, ndiyo maana sateliti inaziona na siye hatuzioni. Tena zinaanzia kilomita 10 mpaka 15 kwenda juu, na zinadumu chini ya milisekunde moja. Hata zingine zikielekea chini, hewa nzito ya huku inazimeza, gama inapita mita mia kadhaa inapungua, inapita zingine inapungua tena, na kuna kilomita nyingi za kupita. Daktari anakataza eksirei kwa mama wa mimba kwa sababu mashine inaelekezwa kwenye mwili wake, iko pale pale. Mdogo wako alale bila wasiwasi.

Radi yenyewe ndiyo ya kuogopa, ile inayoshuka mpaka chini. Hiyo inaua watu wetu kila msimu, shambani, kwenye shule zenye mabati bila kinga yoyote. Hiyo paratoneri ya feraye sijapenda maneno yake, hakuna chuma kinachomeza mionzi iliyo kilomita 12 juu ya kichwa chako, lakini niwaachie watu wa umeme wajibu.

Nyawera_Boy

Mwalimu umenipiga knokaut. Sasa swali la kweli, sicheki tena: mwenye anapanda Kahuzi siku ya mvula? Kule ni zaidi ya mita 3,000, ameshakaribia wingu. Na mwenye anapanda ndege?

Mwal_Fizike_Bagira

Swali zuri. Armenia kuna mlima Aragats, wameweka aparei zao kwenye mita 3,200 hivi, karibu sawa na Kahuzi ya 3,308. Wakati wingu la radi linapita juu wanaona mionzi inapanda kwa dakika kadhaa. Hii ni aina nyingine, si ule mwali wa ghafla, ni mng'ao wa pole pole unaotoka kwenye wingu lenye chaji, na mara nyingi radi ikipiga tu unakatika. Unapimika lakini ni kidogo. Mwenye kupanda Kahuzi kwenye mvula ya radi atauawa na radi mbele ya kuumwa na gama, hilo sina shaka nalo.

Japani ndiko ilikoonekana chini kabisa. Tarehe 6 mwezi wa pili 2017, mji wa Kashiwazaki, kandokando ya bahari. Kule majira ya baridi mawingu ya radi yanakuwa chini sana, mita mia kadhaa tu, si kama haya yetu marefu. Radi ikapiga, aparei za Enoto na wenzake wa Kyoto zikaona gama, halafu zikaona kitu cha ajabu zaidi: gama ziligonga naitrojeni ya hewa, zikang'oa neutroni moja, naitrojeni 14 ikawa naitrojeni 13, ambayo nusu yake inaoza kwa dakika kama 10. Yaani radi ilibadilisha kiini cha atomu kwenye hewa ya kawaida. Miye nikifundisha hiyo darasa lote linanyamaza, hata wale wa nyuma.

Ndege: rubani hapitishi ndege ndani ya wingu la radi, anazunguka, kwa sababu ya upepo na barafu zaidi ya mambo ya mionzi. Mwaka 2023 NASA walitumia ndege yao ER-2, inaruka kilomita 20 juu, wakaipitisha juu ya mawingu ya Karibe na Amerika ya kati makusudi kabisa. Wakakuta mawingu makubwa yanang'aa gama kwa saa nyingi, yanachemka kama maji ya ugali, na wakaona namna mpya ya miali inayomwekamweka, haikujulikana mbele. Habari ikatoka 2024. Kwa hiyo mtoto wa mama Furaha akisema anataka kusoma hii, kazi bado iko.

Kamalondo_Digital

Salamu toka Lubumbashi. Naona ile ya antimata mumeipita juu juu, na ni siye inatuhusu! Mbele ya kuanza nilikuwa nafikiri ni mambo ya filme. Kumbe mwaka 2009, tarehe 14 ya mwezi wa kumi na mbili, sateliti ya Fermi ilikuwa inapita juu ya Misri, ikapigwa na pozitroni, njo ile antimata. Juu ya Misri hakukuwa radi hata moja. Radi ilikuwa Zambia! Zambia hapo, ukivuka Kasumbalesa uko mwake. Kilomita kama 4,500 katikati, na pozitroni zikafika. Mwalimu fasiria kidogo zilienda namna gani, juu kama ni gama ingeenda mustari moja na Dunia ingeikinga.

Na bale banasema mionzi ni mambo ya bazungu, kuya huku Katanga tukuonyeshe Shinkolobwe, uranyumu ya bombe ya kwanza ilitoka wapi? Huku mionzi tunaijua kwa jina.

Mwal_Fizike_Bagira

Kamalondo umekamata vizuri. Gama ikiwa na nguvu zaidi ya milioni 1.02 za elektronivolti, ikipita karibu na kiini cha atomu inaweza kugeuka vitu viwili, elektroni na pozitroni, ambayo ni elektroni yenye chaji chanya, ndiyo hiyo antimata. Gama haina chaji, inaenda moja kwa moja. Elektroni na pozitroni zina chaji, kwa hiyo zikishatoka juu ya hewa zinashikwa na usumaku wa Dunia, zinaufuata ule mstari wake unaopinda, toka Zambia unapanda juu unashuka upande wa kaskazini, na Fermi ilikuwa juu ya mstari huo huo. Pozitroni ikikutana na elektroni za chuma cha sateliti zote mbili zinafutika, zinabaki gama mbili za elektronivolti 511,000 kila moja. Hiyo namba ni saini, hakuna kitu kingine kinachoweka saini hiyo. Wakaitangaza mwezi wa kwanza 2011. Na ni chache mno, usifikirie gramu, hata unga wa gramu hapana.

Elektrik_Ndosho

Bonjour famii, miye ni wa Goma, Ndosho, kazi yangu ni kuran (umeme), nafungaka na paratoneri ku makanisa na ku masomo. Mama Furaha usinunue kitu mbele ya kusoma hii.

Paratoneri haimezi radi na haiifukuzi. Kazi yake ni kuipatia njia ya kushuka: ncha ya chuma juu, kamba nene ya shaba, kisha prizi ya tere yenye inaingia mu udongo muzuri. Ile ya mwisho njo watu banasahau. Unaona mutu ameweka ncha ya kumetameta juu ya kanisa, kamba inaishia mu ndoo ya mucanga. Huku Goma shida ni kubwa zaidi juu tuko juu ya mawe ya volkano, mawe ile haipitishi kuran muzuri, unapiga pike moja (chuma cha kuingiza mu udongo) unapima, hapana, unapiga zingine, unachimba mufereji murefu, unaleta udongo mweusi wa mbali unajaza, njo inaanza kukubali. Nyie ba Bukavu muko na bahati, udongo wenu mwekundu uko na maji. Kwa nyumba ya kawaida, kama haukuwa na feza ya kufanya yote, afazali chomoa televizyo na usiguse bomba wala waya wakati inapiga, batoto batoke chini ya muti.

Lakini kitu kimoja umeandika kimenishitua. "Iko na nguvu ya atomu." Ile paratoneri inafanana namna gani? Iko ncha tu, ao karibu na ncha kuna visahani ao pete, ao kitu sawa kauri? Uliza papa wa feraye ameitoa wapi. Usiishike.

MamaFuraha_Cimpunda

Mwalimu aksanti sana, mudogo wangu nimemusomea yote, amecheka, amesema tangu leo analala. Mutoto naye amekuwa mukubwa mu nyumba, banamuita Compton.

Papa Elektrik, nimemutuma mutoto aende kuangalia. Amesema ni fimbo ya chuma, juu iko ncha, chini ya ncha kuna sahani mbili za mviringo, moja imeanza kulika na kutu, na mu katikati kuna vidude vyeupe. Imetoka juu ya nyumba moja ya zamani yenye babomoa. Iko chini pale ku mavyuma, batoto banaichezea. Umenitia woga sasa, ni nini?

Elektrik_Ndosho

Ambia mutoto anawe mikono na sabuni sasa hivi, na asirudi kule.

Zamani Bulaya balikuwa banatengeneza paratoneri zenye balitia mionzi ndani makusudi kabisa. Ufaransa balizitengeneza toka 1932 mpaka 1986. Balikuwa banafikiri ile mionzi inafungua hewa karibu na ncha, hivyo radi inavutika toka mbali. Balipima miaka mingi, haikuzidi ncha ya kawaida hata kidogo, kisha bakakataza. Ndani balitia radiumu ao amerisiumu, vitu vyenye kutoa mionzi, ku visahani ao ku vipande vya kauri karibu na ncha. Siwezi kusema hii ya kwenu njo yenyewe mpaka mutu aipime na aparei, lakini vile mutoto ameieleza, miye singeileta ku nyumba hata banilipe.

Mwal_Fizike_Bagira

Namuunga mkono papa wa Goma, na naongeza hesabu: radiumu 226 nusu yake inaisha kwa miaka 1,600, amerisiumu 241 kwa miaka 432. Kama ilipandishwa wakati wa Wabelgiji bado haijaanza kuchoka. Kupita karibu nayo dakika moja si kifo, musikimbie mji. Hatari ni vumbi: mtu akiikata na msumeno, akiisugua kutu, akiichoma apate shaba, kile kitu kinakuwa unga, unaingia mdomoni na mapafuni, na ukiingia humo hautoki kirahisi. Watoto wanaoichezea kisha wanakula ndizi bila kunawa ndio wananisumbua.

Kwa hiyo: isikatwe, isibebwe kwenye moto wa feraye, isiingizwe nyumbani. Iwekwe pembeni nje, mbali na watu, izungushwe kamba ao mawe, na chefu wa avenue ajulishwe apandishe habari kwa protesyon sivile. Wenye kazi hiyo nchini wako, Kinshasa kuna CGEA, ofisi ya serikali ya mambo ya atomu, hao ndio wenye ile reakta ya zamani (mashine ya nyuklia) ya TRICO iliyowashwa 1959, wana aparei za kupima.

Nyawera_Boy

Yaani mama alikuja kuuliza mionzi ya mbinguni kumbe inauzishwa dola makumi nane ku barabara.

Muzee_wa_Walungu

Hiyo sasa njo ya kutumwa.

MamaFuraha_Cimpunda

Muzee usinichekeshe, niko natetemeka. Nimeenda na chefu wa avenue. Papa wa feraye alianza kukasirika, eti tunamuharibia biashara, lakini chefu alimusomea maneno ya mwalimu ku telefone, ile ya vumbi, akanyamaza. Kumbe kesho asubui kulikuwa mutu wa kuya kuikata, juu ya shaba yenye iko ndani. Sasa babili balioishika jana balishanawa, imesogezwa ku kona ya kiwanja na nyaya za seng'enge zimezungushwa, batoto banafukuzwa. Chefu anaandika barua. Papa Elektrik, ile barua itaje nini, visahani viwili na rangi, ao mupige foto ya mbali mutie ndani?

Elektrik_Ndosho

Foto ya mbali, mutumie zumu, musisogee. Muandike nyumba yenye ilitoka, urefu wake, visahani viwili, kama kuna maandiko ao namba juu ya chuma, na majina ya bale baliishika na mikono. Na muulize papa wa feraye kama ile nyumba ilikuwa na moja tu ao kuna ya pili yenye alishauzisha.

MamaFuraha_Cimpunda

Mungu wangu. Anasema zilikuwa mbili.